Huduma ya Vijana Kama Njia ya Maisha: Mwongozo kwa Anayetaka Kudumu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kutumika katika umoja wa vijana wa usharika au parokia yake kwa muda wa kutosha kuufahamu utamu wake na kero zake: amesimamia mazoezi ya kwaya siku za Jumamosi, ameandaa semina na mikesha, amesafiri na vijana kwenda kwenye kongamano akiwa na orodha ya majina mkononi na nauli pungufu mfukoni. Sasa anajiuliza kama kazi hii ndiyo aliyoitiwa au ni shughuli ya ujana itakayopita pamoja na ujana wenyewe. Sitaeleza namna ya kuwajaza vijana kanisani, kwa kuwa hilo ni somo jingine. Ninachokusudia kueleza ni jinsi mtu anavyoweza kulitambua kusudi lake katika huduma hii, kulipima, na kuliishi sambamba na ajira yake, ndoa yake na uchovu wake.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kusudi halipatikani kwa kujifungia na kujichunguza hadi likuonekee, ndipo utoke kwenda kulitekeleza. Linajitokeza polepole kwa mtu anayekubali kubaki na vijana wachache anaowajua kwa majina, kwa miaka, chini ya uangalizi wa wengine. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya msimamo huo, na asiyekubaliana nao huenda asione faida ya kuzifuata.

Tenganisha wito na cheo

Katika makanisa mengi ya kwetu vijana wana mwenyekiti, katibu na mhazini, ambao huchaguliwa, hutumikia kipindi chao, kisha huwapisha wengine. Utaratibu huo ni mzuri, lakini una hatari moja: mtu aliyezoea kushika kipaza sauti na kutajwa jina katika matangazo ya ibada anaweza kudhani kwamba furaha anayoipata pale mbele ndiyo wito wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wahudumu wa vijana husifiwa mno wakiwa bado wachanga.

Kwa hiyo anza na zoezi hili. Chukua karatasi na ujihesabu kama mtu ambaye kuanzia Jumapili ijayo hana cheo chochote, hayumo katika kundi la viongozi la WhatsApp, na hatapewa nafasi ya kusalimia ibadani. Andika majina ya vijana ambao hata katika hali hiyo ungeendelea kuwatembelea, kuwapigia simu na kuwaombea. Ukipata majina manne au matano, una mahali pa kuanzia. Ukikosa hata moja, usihitimishe kwamba hukuitwa. Hitimisha tu kwamba hadi sasa umekuwa mwandaaji wa matukio, na matukio hayawezi kukujibu swali unalouliza.

Mfano wa wito usiosubiri cheo tunao hapa karibu. Tarehe 15 Novemba 1885 Kabaka Mwanga wa Buganda alimwua Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mlezi wa Wakristo vijana waliotumika katika jumba la kifalme. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, mwenye umri wa takriban miaka ishirini na mitano, alibatizwa, na malezi ya vijana wale yakamwangukia yeye. Hakuwa padri. Alikuwa msimamizi wa vijana wa jumba la kifalme, na nafasi hiyo ya kazi ndiyo aliyoitumia kuwafundisha imani na kuwakinga dhidi ya tamaa za mfalme. Ilipobainika, mwishoni mwa Mei 1886, kwamba kifo kimekaribia, aliwabatiza kwa mkono wake baadhi ya waliokuwa bado wanajifunza, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne. Wote wawili walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, pamoja na wenzao Wakatoliki na Waanglikana. Maisha ya Lwanga kama Mkristo aliyebatizwa hayakufika hata miezi saba, ila tayari alikuwa na majina ya watu aliowajibika kwao.

Chagua wachache na uwafahamu

Injili ya Marko inasema kwamba Yesu aliweka watu kumi na wawili “wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri”. Kuwa pamoja kumetangulia kutumwa. Mtu mwenye ajira na familia hawezi kuwa pamoja na vijana mia moja. Anaweza kuwa pamoja na watano hadi wanane. Wachague kwa maombi na kwa shauri la mchungaji, paroko au mwinjilisti wako, wala usichukue waimbaji hodari na wasemaji peke yao, kwa sababu hao wana watu wengi wa kuwashughulikia. Hakikisha yumo angalau mmoja ambaye yuko pembezoni: aliyeacha kuja baada ya kipaimara, au anayekuja na kukaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Mazungumzo ya kwanza yana uzito mkubwa, na hapa huwa namkumbuka Don Bosco, padri wa Italia aliyejulikana kwa kulea vijana. Inasimuliwa kwamba tarehe 8 Desemba 1841, katika mji wa Torino nchini Italia, mtunza sakristia alimpiga kijana mmoja yatima, Bartolomeo Garelli, mwashi aliyekuja mjini kutafuta kazi, kwa kosa la kutojua kutumikia misa. Don Bosco, aliyekuwa amepata upadri mwaka huohuo, alimwita kijana na kumwuliza kama anajua kusoma, kuandika, kuimba. Kwa kila swali jibu likawa hapana. Hatimaye akamwuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Mafundisho ya dini yalianza baada ya tabasamu lile. Kwa hiyo unapokutana na kijana kwa mara ya kwanza usianze kwa kumwuliza kwa nini haonekani ibadani. Tafuta jambo analolimudu, liwe ni kutengeneza simu, kucheza mpira, kusuka nywele au kupika, na umruhusu akueleze jambo ambalo wewe hulijui.

Baada ya hapo kutaneni kwa utaratibu usiobadilika ovyo, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mahali ambapo kijana hatatumia nauli. Someni kifungu kifupi cha Injili, kuleni kitu hata kama ni chai na mihogo, na mzungumzie maisha yalivyo. Njia ninayoipendekeza ni ile ya Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyeona vijana wenzake wa utotoni wakiingia viwandani na kulipa kanisa kisogo, akaanzisha chama cha Vijana Wakristo Wafanyakazi kilichopata baraka ya Papa mwaka 1925. Wanachama wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki wafanyakazi, wanaifahamu kwa maneno matatu: ona, amua, tenda. Inawafaa Walutheri, Wamoraviani na Wapentekoste sawasawa na Wakatoliki.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda ambaye haonekani Jumapili. Katika kuona, kundi linajiuliza maswali ya kweli: anaamka saa ngapi, hesabu ya siku anayompelekea mwenye pikipiki ni kiasi gani, mkataba wake unasemaje akiugua, na kwa nini Jumapili asubuhi ni muda wa abiria wengi. Katika kuamua, mnasoma Maandiko mkiwa na mtu huyo mawazoni, kwa mfano amri ya pumziko, au maneno ya Yakobo juu ya ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa. Katika kutenda, mnachagua jambo moja dogo linalowezekana: kuhamishia mkutano jioni ya siku ambayo abiria ni wachache, au kumpatia mtu anayejua sheria kidogo akae naye kabla hajasaini mkataba mwingine. Don Bosco alilifanya hilo la pili katika miaka ya 1850, akisimamia mikataba ya maandishi kati ya vijana wake na mafundi waliowafundisha kazi, ili wasitumikishwe kama watumishi wa nyumbani wala kupigwa. Mtu anayesema kwamba mambo hayo si ya kiroho hajawahi kumsikiliza kijana mwenye deni.

Fahamu majira ambayo vijana hupotea

Hii ndiyo sehemu ambayo, kwa maoni yangu, hutenganisha mhudumu wa kudumu na mwandaaji wa matamasha. Vijana hawaondoki kanisani kwa sababu za kifalsafa pekee. Wengi hupotea wakati wa kuhama kutoka hatua moja ya maisha kwenda nyingine, na hatua hizo zina tarehe. Nchini Tanzania mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, na wengi wao hupelekwa kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kabla ya vyuo kufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Kabla ya yote hayo kuna kipaimara, ambacho kwa familia nyingi kimegeuka kuwa sherehe ya kuagana na darasa la dini. Weka majira hayo katika kalenda yako kabla hujaweka tamasha lolote.

Kijana anapoondoka kwenda shule ya bweni au chuo, kazi yako ni kumpatia jina la mtu atakayempokea, na wala si kumwambia tu atafute kanisa akifika. Uliza kama shule ina tawi la chama cha wanafunzi Wakristo, yaani UKWATA, TYCS au CASFETA kulingana na kanisa lake, au kama chuo kina USCF, chama cha wanafunzi Wakristo wa vyuo. Mtafute mlezi au kiongozi wa tawi, umwambie fulani anakuja. Kisha mpigie simu kijana mwenyewe katika wiki zake mbili za kwanza, kwa kuwa marafiki anaowapata wakati huo ndio watakaokuwa naye hadi mwisho. Kwa anayehamia mjini kutafuta kazi, ambaye hana shule wala tawi la kumpokea, fanya hivyohivyo kupitia jumuiya ya mtaa anaokwenda kuishi. Huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Siku ya matokeo ina utaratibu wake. Waliofaulu watapigiwa simu na kila mtu. Wewe nenda kwanza nyumbani kwa aliyepata daraja sifuri. Usiende na mahubiri kuhusu mipango ya Mungu. Kaa, salimu wazazi, na ukitoka uwe umeacha miadi ya kuzungumzia hatua inayofuata, kama vile kurudia mtihani, kujiunga na chuo cha ufundi cha VETA, au kujifunza kazi kwa fundi anayeaminika.

Kuna upotevu mwingine ambao tunausababisha wenyewe. Binti akipata mimba, mara nyingi hutengwa na kuondolewa kwenye kwaya, huku kijana aliyehusika akiendelea kuimba besi kana kwamba hakuna jambo lililotokea. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya kujifungua wanaweza kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Ni aibu kwa kundi la vijana la kanisa kuwa gumu kuliko ofisi ya elimu. Nidhamu ya kanisa ina taratibu zake, nami sikushauri uzipuuze, ila hakuna utaratibu unaokukataza kumtembelea binti huyo, kumsindikiza anaporudi kundini, na kuuliza katika kikao, kwa heshima na bila kuchoka, kijana mwenzake yuko wapi.

Pima wito pamoja na wakubwa, na usiache kazi mapema

Samweli aliitwa mara tatu na kila mara akadhani ni Eli anayemwita. Ni mzee yule, pamoja na udhaifu wake wote na macho yaliyofifia, aliyetambua kwamba mwitaji ni Bwana. Tafuta mtu wa namna hiyo, aliyekuzidi umri na asiyekuwa mpenzi wa sifa zako, ukutane naye kila baada ya miezi michache. Mwombe akueleze anachokiona: vijana wanabadilika kwa kukaa nawe, au wanakutegemea tu? Unazidi kuwa mpole, au unazidi kuwa mkali nyumbani kadiri unavyokuwa mcheshi kanisani? Mwenzi wako wa ndoa aulizwe swali hilo la mwisho, na jibu lake lipewe uzito kuliko la mtu mwingine yeyote.

Wapo watakaothibitishwa kwenda chuo cha theolojia, katika utawa, au katika ajira ya uratibu wa vijana dayosisini. Wengi hawataitwa huko, na hawajapungukiwa kitu. Paulo alishona mahema Korintho akiwa na Akila na Prisila, na aliwakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ilimtumikia katika mahitaji yake. Mwalimu, muuguzi, fundi cherehani au dereva anayelea vijana sita kwa miaka kumi yuko katika huduma ya vijana kwa ukamilifu. Usiache kazi yako kwa nguvu ya hisia za kongamano. Subiri hadi kanisa lenyewe, kupitia viongozi wake, likuombe.

Kuhusu fedha niseme kwa ufupi. Michango ya safari na semina isitumwe kwenye namba yako binafsi ya simu, hata kama ni rahisi na hata kama kila mtu anakuamini. Tumia akaunti ya usharika au parokia, watu wawili waidhinishe matumizi, na taarifa isomwe mbele ya vijana wenyewe.

Weka mipaka kabla hujaihitaji

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kundi la vijana wa kanisa ni watoto kisheria. Usikutane na mtoto peke yenu katika chumba kilichofungwa. Kaeni mahali mnapoonekana. Usichati naye usiku. Safari yoyote iwe na idhini ya mzazi kwa maandishi na walezi wazima wa jinsia zote mbili. Usichumbie kijana unayemlea. Kama mapenzi ya kweli yamejitokeza kati ya watu wazima wawili, acha kwanza nafasi ya ulezi, mweleze mchungaji, kisha mambo yafuate njia yake.

Mtoto akianza kukusimulia kwamba anadhulumiwa, usimwahidi kuitunza siri hiyo, kwa sababu hutaweza kuitimiza ahadi bila kumwacha hatarini. Mwambie kwamba unamwamini, kwamba kosa si lake, na kwamba utawahusisha watu watakaomsaidia. Toa taarifa kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Mtuhumiwa akiwa mtu wa kanisa, hata mwenye daraja, njia ni ileile. Anayeona haya ni mazito mno kwake bado anaweza kulitumikia kanisa kwa namna nyingine, lakini asilee watoto.

Andika kanuni yako ya maisha

Ukitaka huduma iwe maisha, iandikie kanuni isiyozidi ukurasa mmoja. Iwe na sala ya kila siku ambayo haihusiani na maandalizi ya somo lolote, kwa maana mhudumu anayefungua Biblia ili kupata la kufundisha tu hukauka bila yeye mwenyewe kujua. Iwe na siku moja ya juma ambayo simu ya vijana inazimwa au inashikwa na mwenzako. Iwe na muda wa familia usiohamishwa na kikao. Iwe na wiki chache kila mwaka ambazo huna zamu. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa chini ya mretemu, jibu la kwanza alilopewa lilikuwa mkate, maji na usingizi. Swali la “unafanya nini hapa” lilimfikia baadaye, Horebu. Anayeshindwa kulala hawezi kuupima wito wake sawasawa, basi usifanye uamuzi wa kuacha wala wa kujitwisha zaidi ukiwa katika hali hiyo.

Jiandae kuwa mlezi

Sera nyingi, pamoja na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006, humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kanisani tunao vijana wa miaka arobaini na mitano wanaogombea uenyekiti, jambo ambalo linachekesha hadi unapogundua kwamba wa miaka ishirini wameacha kuhudhuria. Paulo alimwandikia Timotheo, “Mtu awaye yote asiudharau ujana wako”, na njia mojawapo ya kuudharau ujana wa mwingine ni kukataa kumpisha. Barnaba alisafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Baada ya muda, katika Matendo ya Mitume, jina la Paulo likaanza kutajwa kwanza. Naye Barnaba akaendelea kulea, safari hii akamchukua Yohana Marko ambaye Paulo alikuwa amemkataa.

Panga kukabidhi angalau mwaka mmoja kabla ya kipindi chako kwisha. Mpe atakayekufuata nafasi ya kuendesha vikao wewe ukiwapo, kisha wewe usipokuwapo. Mkabidhi kalenda ya majira, orodha ya vijana walio mbali na watu wanaowapokea, pamoja na hesabu za fedha zilizofungwa. Ukishakabidhi, jiondoe katika kundi la viongozi, usiingie kikaoni mpaka uitwe, na anayekuletea malalamiko juu ya kiongozi mpya mrudishe kwa kiongozi huyo. Bakiza vijana wawili au watatu wa kuwalea, ukiwa umemfahamisha kiongozi mpya ni akina nani na mnakutana lini, na mpeane tarehe ya kukutana tena kabla mwezi huo haujaisha.